Kabla Hujalipa, Uliza Ni Biti Ngapi

Mtu wa Nairobi akiuziwa laptopu ya mtumba isiyofaa, huirudisha dukani jioni ile ile. Mtu wa Faza, kisiwani Pate, hana njia hiyo. Mashine iliyonunuliwa Mombasa hupanda basi hadi Mokowe, ikapanda boti hadi Mtangawanda, au ikaja moja kwa moja Faza maji yakiwa yamejaa, na kila kituo kina nauli yake. Kuirudisha ni kuilipia safari nzima upya. Kwa hiyo swali hili liulizwe pale pale dukani, pesa zikiwa bado mfukoni: fundi, hii ni ya biti ngapi?

Wauzaji wengi husifu diski kubwa, kioo kisicho na mikwaruzo na betri inayokaa muda mrefu. Ni mambo mazuri, lakini diski hubadilishwa na betri mpya hununuliwa. Idadi ya biti za prosesa haiongezwi na fundi yeyote. Ndiyo inayoamua ni programu zipi mashine itazikubali, itatumia RAM kiasi gani, na itakufaa kwa miaka mingapi tangu uishushe kisiwani Pate.

Prosesa hufanya kazi kwa mafungu ya biti, yaani zile alama za 0 na 1, na fungu linalobebwa kwa mkupuo mmoja huitwa neno. Prosesa ya biti 32 huchota biti 32, huzijumlisha au kuzilinganisha na nyingine 32, kisha huzirudisha. Ya biti 64 hufanya hivyo kwa biti 64. Fikiria fomu ya benki yenye visanduku vya tarakimu: fomu ya visanduku vinane haiandikiki namba ya tarakimu tisa, awe mwenye akaunti tajiri au maskini. Upana wa neno ni idadi ya visanduku hivyo.

Katika biti, kila kisanduku kinachoongezwa huzidisha uwezo mara mbili. Biti 8 zinahesabu hali 256. Biti 16 zinafika 65,536. Biti 32 zinafika 4,294,967,296, na biti 64 zinatoa namba inayoanza na 18 kisha ikafuatwa na tarakimu nyingine 18. Neno hilo hilo ndilo hubeba anwani za kumbukumbu: kila baiti ya RAM, yaani kila fungu la biti 8, ina namba yake, na prosesa haiwezi kuifikia baiti ambayo namba yake haiwezi kuiandika. Anwani bilioni nne na ushei ni baiti bilioni nne na ushei, yaani GB 4. Huo ndio mpaka maarufu wa mashine za biti 32. Zipo mbinu za kuuvuka, zilizotumika zaidi kwenye seva, lakini Windows za biti 32 za watu wa kawaida ziliishia hapo.

Sasa rudi dukani. Mwambie muuzaji aiwashe mashine; kibandiko pekee hakitoshi. Kwenye Windows 10 na 11 fungua Settings, ingia System, kisha About, utafute mstari ulioandikwa «System type». Mstari huo una sehemu mbili na zote zisomwe. Ya kwanza inataja mfumo endeshi uliowekwa, ya pili inataja prosesa yenyewe. Ukisoma «64-bit operating system, x64-based processor», endelea na mazungumzo ya bei. Ukisoma «32-bit operating system, x64-based processor», usiondoke: prosesa ni pana, ni mtu tu aliyeiwekea mfumo mwembamba. Mashine ya namna hii huonekana nzito na muuzaji mwenyewe huidharau, kwa hiyo pengine utaipata kwa bei nafuu. Ukiona «x86-based processor», hiyo ni biti 32 tupu.

Ukurasa huo huo una mstari wa RAM. Mashine yenye GB 8 iliyowekewa Windows ya biti 32 itakuambia kwamba zimewekwa 8 lakini zinazotumika ni 3 na kidogo. Hizo nyingine umezilipia na zimelala. Ukiona hivyo, ujue tatizo ni mfumo, na lina dawa.

Kama mashine ina Linux, fungua terminal uandike lscpu. Itakujibu kwa mstari unaosema kama prosesa inakubali 32 pekee au 32 na 64. Amri ya uname -m itakuonyesha mfumo wenyewe: x86_64 ni biti 64, i686 ni biti 32.

Na mashine isiyowaka mfumo wowote? Soma jina la prosesa, na hapa macho yawe makali. Core i3, i5 na i7 zote ni biti 64. Core 2 Duo, iliyotoka Julai 2006, nayo ni biti 64. Lakini Core Duo bila ile 2 katikati, iliyotoka Januari mwaka huo huo, ni biti 32. Tarakimu moja kwenye kibandiko kilichochakaa ndiyo tofauti kati ya mashine ya kufanyia kazi na mashine ya kufundishia watoto kuchapa. Vile vilaptopu vidogo vyenye Atom N270, vilivyosambaa tangu 2008, pia ni biti 32.

Simu zina habari yake. iPhone 5s ya Septemba 2013 ilikuwa ya kwanza ya mkononi kuja na prosesa ya biti 64, na Android ikafuata kwa toleo la 5.0 mwishoni mwa 2014. Lakini simu nyingi za bei ya chini zimekuwa zikitoka na prosesa ya biti 64 huku mfumo uliowekwa ndani ni wa biti 32, ili kubana matumizi ya RAM ndogo. Ukitaka kujua, pakua programu ya bure kama CPU-Z uangalie sehemu ya mfumo: neno aarch64 ni biti 64, armv7l au armv8l ni biti 32. Faida yake ni kwamba hutahangaika bure na faili za APK unazorushiwa na rafiki. Faili iliyoandikwa arm64-v8a haiingii kwenye simu ya biti 32, na ile ya armeabi-v7a ndiyo yako. Watu wengi huilaumu simu kuwa imeharibika kumbe wamepewa faili ya upana mwingine.

Haya, mashine imefika Faza, prosesa ni ya biti 64 na mfumo ni wa 32. Je, uubadilishe? Hapa sikubaliani na mafundi wanaosema biti 64 ni bora siku zote. Katika mfumo wa biti 64, kila anwani hushika baiti 8 badala ya 4, na kwa hiyo programu zile zile hula RAM zaidi. Mashine yenye GB 2 isiyoweza kuongezwa iache ilivyo. Yenye GB 4 na kuendelea, au inayoweza kuongezewa kadi ya RAM, ibadilishe bila kusita.

Windows haikuruhusu kutoka 32 kwenda 64 kwa kusasisha. Lazima uweke upya kutoka mwanzo, na kila kilichomo kwenye sehemu ya mfumo kitafutwa. Kwa hiyo nakili kwanza picha, vitabu vya hesabu na barua kwenye diski ya nje. Kama Windows 10 yako ilikuwa na leseni halali, leseni hiyo hiyo itakubali toleo la biti 64 la aina ile ile, hununui nyingine. Pakua madereva ya biti 64 ya kadi ya mtandao kabla ya kufuta chochote, uyaweke kwenye flashi. Kwa mtu wa Mombasa hili ni jambo dogo. Kwa mtu wa Faza, laptopu iliyowekewa mfumo mpya bila dereva la mtandao ni mzigo wa kurudisha Lamu.

Kuna jambo moja la kuhakikisha kabla hujaanza. Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16, zile za enzi za DOS na Windows 3.1. Kama kuna duka au ofisi bado inafanya hesabu kwa programu ya namna hiyo, mashine hiyo ibaki ilivyo mpaka hesabu zihamishwe.

Windows 11 ipo kwa biti 64 pekee, na hata hivyo biti 64 peke yake haitoshi, kwa sababu inadai pia kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Kwa laptopu nyingi za mtumba zenye biti 64 zisizokidhi masharti hayo, Linux ndiyo njia ya heshima. Na ukienda kupakua Linux, utaona faili zimeandikwa amd64. Zichukue hata kama laptopu yako ni ya Intel. Nitaeleza sababu hivi punde.

Mashine za biti 32 tupu zisitupwe. Debian 12, ya mwaka 2023, bado ina faili ya kuisimika kwenye biti 32. Debian 13, ya 2025, haina tena. Mashine kama hiyo inatosha kufundishia kuchapa, kuandika barua na kuchapisha vyeti vya madrasa. Ila fanya hesabu ya umeme. Faza haijaunganishwa na gridi ya taifa, umeme wake hutoka kwenye kituo chake cha jenereta, na kompyuta ya mezani ya enzi ya Pentium 4 hula umeme wa laptopu mbili tatu. Skuli yenye paneli chache za jua ipime hilo kabla ya kupokea shehena ya msaada.

Swali linalokuja hapa ni kwa nini 32 na 64, kwani si kila mashine ilikuwa hivyo. EDSAC ya Cambridge, mwaka 1949, ilitumia maneno ya biti 17, na mawili yakiunganishwa yakawa 35. IBM 701 ya mwaka 1952 ilikuwa na biti 36. Namba hizo hazikuokotwa njiani. Watu wa hesabu walikuwa wamezoea mashine za mkono za tarakimu kumi, na namba ya tarakimu kumi pamoja na alama yake ya kujumlisha au kutoa huhitaji biti 35. Ukiongeza moja unapata 36, ambayo hugawanyika vizuri kwa herufi sita za biti 6 kila moja.

Herufi za biti 6 zilifika hadi kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania iliwekewa kompyuta ya kwanza nchini humo, ICT 1500. Ilikuwa mashine ya Marekani, RCA 301, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza kwa jina lake, na ilihesabu kwa herufi za biti 6. Piga hesabu uone maana yake: biti 6 zinatoa alama 64. Herufi kubwa 26, ndogo 26 na tarakimu 10 ni 62. Zimebaki mbili, na bado hujaweka nukta, mkato wala alama ya fedha. Ndiyo sababu mashine za kizazi kile ziliziacha herufi ndogo zikachapa herufi kubwa tupu. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku ilipokuja kulegezwa, dunia ilikuwa imeshahama.

Iliyoihamisha ni IBM System/360, iliyotangazwa Aprili 7, 1964. Ilikuja na baiti ya biti 8 na neno la baiti nne, yaani biti 32. Tangu hapo hesabu ikawa ya 8, 16, 32 na 64. Prosesa ndogo zilipoanza, zilipanda ngazi hizo hizo kutoka chini. Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na biti 4, kwa sababu ilitengenezewa kikokotoo cha kampuni ya Busicom ya Japani na biti 4 zinatosha tarakimu moja ya 0 hadi 9. Ikaja 8008 ya biti 8 mwaka 1972, 8086 ya biti 16 mwaka 1978, 80386 ya biti 32 mwaka 1985. Ngazi ya mwisho Intel haikuipanda ya kwanza kwa mashine za aina hii. AMD ndiyo iliyoitangulia mwaka 2003 kwa Opteron na kisha Athlon 64, na Intel ikaufuata muundo ule ule. Ndiyo maana faili za Linux zinaitwa amd64 mpaka leo.

Mfundishe kijana anayejifunza ufundi kuziona alama za historia hiyo ndani ya Windows yenyewe. Afungue programu ya Registry: atakuta thamani za aina ya DWORD za biti 32 na QWORD za biti 64. D ni maradufu, Q ni mara nne. Maradufu ya nini? Ya 16, kwa sababu Windows ilizaliwa prosesa zikiwa na neno la biti 16, na jina likaganda hapo. Kwa hiyo fundi akisoma kwamba neno ni biti 16 na kitabu kingine kikasema ni 32, vyote viwili huenda ni vya kweli; aangalie tu kinazungumzia mashine gani.

Hapa ndipo jambo linapomgusa hata mtu asiyekusudia kununua kompyuta. Prosesa zimepanuka, lakini visanduku vilivyokatwa kwa vipimo vya zamani vimebaki ndani ya flashi, simu, vitabu vya hesabu na GPS. Hivyo ndivyo vinavyotusumbua kila wiki.

Chukua video ya harusi. Mpiga picha amemaliza kazi, faili ni la GB 6, unachomeka flashi ya GB 32 ambayo haina kitu, na kompyuta inakataa ikisema faili ni kubwa mno. Watu husema flashi ni feki. Mara nyingi flashi ni nzima. Imepangwa kwa FAT32, na katika mpango huo ukubwa wa faili moja huandikwa kwa biti 32, kwa hiyo faili halivuki GB 4. Dawa yake: kama flashi ina kitu, kinakili kwanza, bofya flashi kwa kitufe cha kulia, chagua Format, kisha exFAT. Humo ukubwa wa faili huandikwa kwa biti 64. Lakini kwanza uliza video itachezwa wapi. Televisheni na deki nyingi za zamani husoma FAT32 tu, na hapo ni afadhali mpiga picha aikate video vipande viwili kuliko bibi harusi kuletewa flashi isiyosomeka.

Chukua tena ujumbe mfupi wa simu. SMS moja ina biti 1,120 na hazizidi. Ukiandika kwa herufi za Kilatini za kawaida, kila herufi hula biti 7, unapata herufi 160. Ukitia hata herufi moja ya Kiarabu, au kikatuni kimoja cha uso, ujumbe wote hugeuzwa kuwa wa biti 16 kwa kila herufi, na 160 inaanguka hadi 70. Kwa mtu anayetuma ujumbe mmoja kwa ndugu yake, si kitu. Kwa madrasa inayowaarifu wazazi wote, au kikundi cha wavuvi kinacholipia kila ujumbe, gharama inapanda mara mbili au zaidi kwa sababu ya salamu. Kwenye tangazo la kulipia, andika Assalaam alaykum kwa herufi za Kilatini. Kwenye WhatsApp andika upendavyo, mpaka huo haupo.

Kwa vijana wanaotengeneza mifumo ya vikundi, SACCO na maduka, nina mambo mawili ya kusisitiza, na nayasisitiza kwa sababu fedha za watu zimo. La kwanza ni namba ya simu. Namba ya Kenya ikiandikwa kuanzia 254 ina tarakimu 12. Namba kubwa kabisa inayoingia katika INT ya kawaida ya hifadhidata ya MySQL, ya biti 32 ambamo moja hubeba alama ya kujumlisha au kutoa, ni 2,147,483,647, yenye tarakimu 10. Haiingii. MySQL iliyolegezwa masharti haitakataa: itakata namba na kuweka hiyo 2147483647 kwa kila mwanachama. Ukifungua daftari ukakuta kina mama wote wa kikundi wana namba moja ya simu, usiwalaumu walioandikisha. Na ukisema utaandika kwa kuanzia 07, sifuri ya mwanzo itaanguka. Namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi, kwa hiyo ihifadhi kama maandishi. Kwenye Excel vivyo hivyo: panga safu kuwa Text kabla hujaandika, la sivyo utakuta 2.54712E+11.

La pili ni fedha. Watengenezaji wengi huhifadhi fedha kwa senti ili kuepuka makosa ya nukta, na ni mtindo mzuri. Lakini senti 2,147,483,647 ni shilingi 21,474,836 na senti 47. Akaunti ya mtu mmoja huenda isifike huko. Jumla ya mauzo ya samaki na kamba ya ufuo mzima kwa miaka inaweza kufika, na siku itakapofika, mfumo usio na ulinzi utageuza jumla kuwa hasi. Tumia BIGINT, ambayo ni ya biti 64. Gharama yake ni baiti nne zaidi kwa kila namba. Hata wakubwa wamepotea hapa: Juni 4, 1996, roketi ya kwanza ya Ariane 5 iliharibika sekunde 37 hivi baada ya kuanza kuruka, kwa sababu namba ya biti 64 ilisukumwa ndani ya kisanduku cha biti 16, ambacho mwisho wake ni 32,767. Roketi za ukoo huo huo zilikuja kufuatiliwa na kituo cha Malindi, kusini mwetu tu kwa njia ya bahari.

Nimalizie na manahodha, kwa kuwa wengi wana GPS za mkononi zilizokaa miaka mingi. Setilaiti za GPS hutuma habari polepole sana, biti 50 kwa sekunde, na zimezipanga kwa maneno ya biti 30: biti 24 za habari na 6 za kukagua makosa. Kalenda kamili ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kufika. Kwa hiyo kifaa kilichowekwa sandukuni msimu wote wa kusi usikiwashe ukiwa tayari umeng'oa nanga. Kiweke mahali pa wazi, juu pasiwe na bati wala mwembe, kikae robo saa kabla ya safari ya kwanza ya kaskazi.

Ndani ya maneno hayo, namba ya wiki imepewa biti 10 tu. Biti 10 ni wiki 1,024, karibu miaka 19 na nusu, kisha hesabu hurudi sifuri. Ilirudi Agosti 1999, ikarudi tena Aprili 7, 2019, yapata saa tisa za usiku kwa saa zetu. Itarudi tena Novemba 21, 2038. Kifaa cha zamani kisichosasishwa kinaweza kukuonyesha mahali sahihi huku tarehe yake iko nyuma miaka 19 na zaidi. Basi linganisha tarehe ya GPS na ya simu. Zikitofautiana, ramani inaweza kuwa salama lakini kurasa za mwezi na za maji kujaa na kupwa usizitumie, kwa sababu zinahesabu kwa tarehe hiyo potofu. Hesabu bamvua na maji mafu kwa mwandamo wa mwezi kama wazee walivyokufundisha, mpaka upate kifaa kingine au kisasishwe.

Mwaka huo huo wa 2038 una jambo lake kwa kompyuta. Mifumo ya ukoo wa Unix huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970, na iliyotumia biti 32 zenye alama itafika mwisho Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, mashine hizo zitadhani ni Desemba 1901. Mashine za biti 64 zenye programu zilizoandikwa vizuri hazina neno. Anayenunua leo kifaa cha kukaa miaka mingi, kama kidhibiti cha umeme wa jua au kamera ya ulinzi, aulize kama saa yake inavuka 2038.

Na kwenu walimu wakuu, kamati za skuli na ndugu zetu walio Mombasa na Ughaibuni mnaotaka kuisaidia Faza kwa kompyuta: barua ya kuomba au kuahidi msaada isiandikwe tu «kompyuta kumi». Iandikwe prosesa ya biti 64, mfumo wa biti 64 uliokwisha kusimikwa, RAM isiyopungua GB 8, na laptopu badala ya za mezani. Mkaguzi aziwashe zote zikiwa bado Mombasa, asome ule mstari wa «System type» mashine moja baada ya nyingine, na isiyotimiza masharti ibaki huko huko.